Wifi ya Butembo na Beni: ufunguo ukae kwa nani?

Mtu akisimama kando ya Boulevard Nyamwisi mjini Beni, au kwenye barabara ya Président de la République mjini Butembo, akafungua simu yake na kutafuta wifi, ataona orodha ndefu ya majina. Kuna jina la hoteli, la duka la simu, la shirika la misaada, la ofisi ya serikali, na la mtu ambaye hakuhangaika hata kubadilisha jina lililotoka kiwandani. Mengi yana alama ya kufuli. Na hata pale neno la siri linapojulikana, mara nyingi mawimbi huonekana yamejaa kwenye simu huku ujumbe wa WhatsApp ukibaki na saa yake ndogo, hauendi.

Lawama huangukia kampuni ya simu, au setilaiti, au mvua. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini katika majengo mengi ya miji hii miwili ugonjwa hauko angani wala kwenye mnara. Uko darini, kwenye vile visahani vyeupe vinavyosambaza wifi. Kimoja kilinunuliwa mwaka huu, kingine mwaka uliofuata, kila kimoja kikafungwa na fundi wake, na leo hakuna anayejua kwa hakika viko vingapi.

Hiyo ilikuwa kero ya kawaida tu hadi Januari 2025. Mwishoni mwa mwezi huo Goma iliangukia mikononi mwa M23, na serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini ikahamishia makao yake ya muda Beni. Mji uliozoea kuwa na ofisi ya meya, maduka na mashirika ya dharura ukawa ghafla mji mkuu wa jimbo. Watumishi walikuja na mafaili, wengine wakaja na kompyuta. Hakuna aliyekuja na nyaya. Ofisi zikaingia katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kulala, na kila mkuu wa idara akatafuta intaneti kwa njia yake.

Kwa hiyo swali la nani anasimamia wifi ya jengo, na anaisimamia kutoka wapi, si la mafundi peke yao tena. Linagusa barua za serikali, orodha za wagonjwa, mitihani ya wanafunzi na fedha za wafanyabiashara.

Wahubiri watano katika ua mmoja

Wifi ya masafa ya gigahezi 2.4, ambayo simu nyingi za bei nafuu huitegemea, ina nafasi tatu tu zisizoingiliana: chaneli ya 1, ya 6 na ya 11. Vifaa vitatu vinaweza kukaa jirani bila kugombana. Cha nne lazima kigawane hewa na mwenzake. Wifi ina adabu yake: kifaa husikiliza kwanza kabla ya kusema, na kikisikia mwingine anazungumza katika chaneli hiyo, husubiri. Vikiwa kumi katika chaneli moja, sehemu kubwa ya muda huishia katika kusubiriana. Na fundi akidhani amekwepa msongamano kwa kuchagua chaneli ya 3 au ya 4, amefanya vibaya zaidi, kwa sababu sasa majirani wa 1 na wa 6 wanamsikia kama kelele tu wala hawawezi kupangiana zamu naye.

Kosa la pili ni la kibinadamu. Mteja akilalamika kwamba wifi ni dhaifu, fundi hupandisha nguvu ya kisambazaji hadi mwisho. Simu iliyo mwisho wa korido sasa inakiona kisambazaji vizuri. Lakini kisambazaji hakiioni simu, maana simu ina antena ndogo na betri ndogo, na sauti yake haikuongezeka. Mawimbi yanajaa kwenye kioo, ukurasa haufunguki. Na jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hakulalamika, ameongezewa kelele.

Ni kama wahubiri watano waliosimama katika ua mmoja, kila mmoja na kipaza sauti chake. Hakuna aliye na nia mbaya. Kila mmoja anaongeza sauti kwa sababu mwenzake ameongeza. Waswahili walishasema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dawa yake inajulikana kwa zaidi ya miaka 20. Badala ya kila kisambazaji kuwa na akili yake peke yake, maamuzi huwekwa mahali pamoja, kwenye kidhibiti kikuu. Kidhibiti hicho huona visambazaji vyote vya jengo au vya mji, hukipangia kila kimoja chaneli na nguvu yake, hukipa jina la mtandao na neno la siri, hukisasisha programu yake, na hutoa taarifa kimoja kinapozimika. Mwaka 2005 kampuni ya Cisco ya Marekani ilinunua kampuni changa ya Airespace kwa ajili ya teknolojia hiyo hiyo. Mwaka 2009 wahandisi wa IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, walichapisha kanuni iitwayo CAPWAP inayoeleza namna kisambazaji na kidhibiti kinavyozungumza.

Wakati huo kidhibiti kilikuwa sanduku la bei ya gari, kitu cha benki na viwanja vya ndege. Leo ni programu. Ile ya Ubiquiti, ile ya TP-Link, ile iliyomo ndani ya ruta za MikroTik kutoka Latvia, na OpenWISP ambayo ni huria na haina mwenye kuidai ada, zote zinaweza kukaa katika kompyuta ndogo isiyo na makuu. Vifaa vyenyewe huingia Butembo kwa njia ile ile inayopitisha vitenge na vipuri vya pikipiki: kontena hadi Mombasa, lori hadi Kasindi, kisha barabara ya vumbi na hofu. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao kwa miaka mingi wamefuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou, hawahitaji kufundishwa kununua.

Kinachokosekana ni anayesimamia baada ya kununua.

Dakika 10 mara 20

Chukua mfano wa taasisi yenye visambazaji 20 katika majengo manne. Mfanyakazi mmoja ameacha kazi kwa ugomvi, na anajua neno la siri. Pasipo kidhibiti, fundi lazima aingie katika kila kifaa, kimoja kimoja. Akitumia dakika 10 kwa kila kimoja, ni dakika 200, zaidi ya saa tatu, mbali na muda wa kutembea na kutafuta ngazi. Kwa kawaida hafanyi. Anabadilisha vitatu vya ofisi ya mkurugenzi, vingine 17 vinabaki vilivyo. Ndiyo maana maneno ya siri ya wifi katika miji hii huzeeka hadi yakajulikana na kila mtoto wa mtaa. Kwenye kidhibiti, kazi hiyo ni ya dakika moja.

Usalama una sura nyingine isiyoonekana. Oktoba 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alitangaza udhaifu ulioitwa KRACK katika WPA2, ule ulinzi uliokuwa ukitumika karibu katika kila wifi duniani. Watengenezaji walitoa programu za kuziba tundu. Lakini kisambazaji kilichofungwa darini bila msimamizi hakisomi habari. Kitabaki na tundu lake hadi kife.

Kwa hospitali jambo hili si la nadharia. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina karibu na Beni, na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ulifikia wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katika miezi ile kazi ya kufuatilia watu waliokutana na wagonjwa ilitegemea orodha: majina, mitaa, namba za simu, nani amelala nyumba moja na nani. Baadhi zilikuwa za karatasi, nyingine za kielektroniki, zikiwemo zile za programu ya Go.Data ya Shirika la Afya Duniani. Na ulikuwa wakati wa hasira na uvumi. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko kutoka Cameroon aliuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo. Katika hali ya namna hiyo, orodha ya majina ikivuja, mtu anaweza kupoteza nyumba au maisha.

Sasa fikiria zahanati ambayo kompyuta ya orodha hizo iko kwenye wifi moja na simu za jamaa wanaosubiri wagonjwa barazani. Kitaalamu ni kosa la kwanza la kitabu. Kidhibiti huruhusu visahani vile vile vitoe mitandao miwili au mitatu iliyotengana: mmoja wa madaktari, mmoja wa wageni, mmoja wa mashine. Mgeni anafungua Facebook yake na haoni hata kwamba kompyuta ya maabara ipo. Kutenganisha huko kwa mkono, kifaa kwa kifaa, kunawezekana, ila kifaa kimoja kikisahauliwa ukuta wote una tundu.

Kuna pia suala la kugawana kidogo kilichopo. Intaneti ya Beni na Butembo ni ghali, na wengi bado hununua mega kwa siku. Taasisi yenye laini ya megabiti 20 kwa watu 40 inatosha kwa barua, kusoma na kutuma picha, mradi hakuna anayeimeza peke yake. Simu moja ikianza kupakua filamu, au kusasisha programu zake yenyewe usiku wa manane bila mwenyewe kujua, wengine 39 wanabaki wakitazama duara linalozunguka. Kidhibiti huweka kikomo kwa kila mtu, huacha nafasi zaidi kwa ofisi mchana na kwa mabweni usiku.

Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net ulioanzishwa 2016 ulikubali ukweli huo tangu siku ya kwanza: kidogo kilicholetwa na redio kutoka ng'ambo ya ziwa kiligawanywa kwa mpango. Na upande wa pili wa mpaka, mwaka huo huo, mamlaka ya teknolojia ya Uganda, NITA-U, ilifungua wifi ya bure iitwayo MYUG katika maeneo ya Kampala na Entebbe, ikitolewa saa za jioni na usiku na mwisho wa wiki, yaani wakati ofisi za serikali haziitumii laini hiyo. Kufungua na kufunga maeneo mengi kwa saa moja ile ile ni kazi ya meza moja. Hakuna mtumishi anayepanda dari 200 kila saa kumi na mbili jioni.

Umeme, ambao daima huja kwanza

Msomaji wa Butembo atauliza mara moja: na kura? Butembo iliishi miaka mingi kwa jenereta na paneli za jua kabla ya kuanza kuona nyaya za kampuni za umeme wa maji, na Beni hupata umeme kutoka mitambo ya Virunga kule Mutwanga. Hata sasa hakuna anayejenga mtandao kwa kudhani umeme hautakatika.

Hapa usimamizi wa pamoja una faida ambayo haisemwi vya kutosha. Visambazaji vya ofisi hupokea umeme kupitia waya ule ule wa data, kutoka swichi moja iliyo katika chumba kimoja. Hivyo havihitaji soketi darini, na betri hazihitajiki kila chumba. Visambazaji 10 vinavyokula wati 8 kila kimoja ni wati 80. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kwa betri ya risasi busara ni kutumia nusu, yaani 600. Ukigawanya, ni saa saba na nusu. Ukitoa hasara za kubadilisha umeme na chakula cha swichi yenyewe, ni saa tano hivi. Jengo zima linabaki hewani jioni nzima kwa betri moja na paneli mbili. Linganisha na ruta 10 za dukani, kila moja na chaja yake kwenye soketi yake, ambazo hufa zote kwa pamoja mara kura inapoenda.

Kuhusu setilaiti, mengi yameshaandikwa. Mamlaka ya ARPTC ilipiga marufuku Starlink Machi 2024, kisha ikaipa kibali mwanzoni mwa Mei 2025, na sahani zimezidi kuonekana juu ya paa. Ni nafuu ya kweli kwa miji iliyo mbali na nyaya. Lakini sahani huleta maji hadi mlangoni tu. Ofisi yenye vyumba 15 bado inahitaji mabomba ndani ya nyumba, na hapo ndipo hadithi ya wahubiri watano inaanza upya.

Nani ana ufunguo

Mpaka hapa hoja ni rahisi: simamieni pamoja. Ugumu uko katika neno "wapi". Kukusanya maamuzi mahali pamoja ni kukusanya pia uwezo wa kuzima, kuona na kufunga. Beni na Butembo wana sababu zaidi ya miji mingi za kuuliza mahali hapo ni wapi.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na ikarudi karibu wiki tatu baadaye, Januari 2019. Beni na Butembo walikuwa wameshazuiwa kupiga kura ya rais, kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama. Walinyimwa sanduku, wakakatiwa na simu. Katika siku kama zile, taasisi ambayo kidhibiti chake kiko katika seva za kampuni ya nje huendelea kupata mawimbi ya wifi, lakini haiwezi kubadilisha lolote: haiongezi mtumiaji, haifungi kifaa kilichoibwa, haioni kilichozimika. Yenye kidhibiti chake ndani ya jengo huendelea na kazi. Madaktari wanafungua mafaili yaliyo katika seva ya hospitali, wanafunzi wanasoma vitabu vilivyohifadhiwa hapo hapo, ingawa dunia ya nje imefungwa.

Goma ni somo la pili, na ni la karibu zaidi. Kwa miaka mingi kila kitu cha Kivu Kaskazini kilikuwa na kichwa Goma: benki, ofisi za majimbo, makao ya mashirika. Ilikuwa kawaida fundi aliyeko Goma kusimamia kompyuta za Beni na Butembo kwa mbali. Mpango huo ni mzuri hadi siku mstari wa vita unapopita katikati. Baada ya hapo mwenye ufunguo yuko upande mmoja, mlango uko upande mwingine, na seva iliyo katika jengo lililokaliwa ina orodha ya watumiaji wote wa upande wa pili.

Somo la tatu ni la fedha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya mashariki mwa Congo ikasimama nayo. Mtandao uliofungwa na mradi mara nyingi husajiliwa kwa anwani ya barua pepe ya mradi, na hulipiwa kwa kadi ya benki iliyoko Ulaya au Marekani. Baadhi ya kampuni huuza kisambazaji kwa masharti ya leseni ya kila mwaka: leseni ikiisha na siku za huruma zikipita, kifaa hukoma kufanya kazi, hata kama ni kizima na kimelipiwa. Shirika likifunga mlango, hospitali inabaki na visahani vinavyong'aa taa bila kumhudumia mtu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika jambo hili hufa pia bila neno la siri.

Hakuna haja ya kukataa msaada. Kinachotakiwa ni masharti mawili wakati wa kupokea: kifaa kisiwe cha leseni inayokiua, na akaunti kuu isajiliwe kwa jina la taasisi inayopokea, si la anayetoa. Masharti hayo hayagharimu chochote yakidaiwa siku ya kwanza. Yakidaiwa siku ya mwisho, aliyekuwa na ufunguo huwa ameshapanda ndege.

Kidhibiti cha karibu nacho si malaika. Mahali pamoja penye funguo zote ni mahali pamoja pa kuibiwa zote. Desemba 2021 udhaifu ulioitwa Log4Shell uligundulika katika kipande cha programu kinachotumika kila mahali, na programu ya kidhibiti ya Ubiquiti ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Waliosasisha mapema walipona, waliosahau walibaki wazi. Kompyuta ndogo ya kidhibiti huweza kuibwa, kuungua kwa radi, au kumwagiwa soda. Katika baadhi ya mifumo visambazaji huendelea bila kidhibiti, katika mingine hunyamaza vyote mara kinapozimika, na tofauti hiyo inapasa kuulizwa dukani kabla ya kulipa. Nakala ya mipangilio ihifadhiwe nje ya jengo kila wiki. Watu wawili wajue neno kuu, na liandikwe, lifungwe katika bahasha, liwekwe kwenye sanduku la mhasibu. Jambo la bahasha linachekesha vijana wa kompyuta. Hawacheki siku fundi pekee anapokimbia mapigano usiku.

Kuna jambo moja zaidi, na hili viongozi hawalipendi. Kidhibiti huweka daftari. Hujua simu ipi iliingia saa ngapi, kupitia kisambazaji cha chumba kipi, na iliondoka lini. Katika jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, ambako wanaharakati wa kiraia na waandishi wa habari wanajua uzito wa kuitwa ofisini, daftari kama hilo ni silaha ikiwa litakaa wazi. Sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu inayolinda data binafsi, lakini sheria iliyo Kinshasa haifuti faili lililo Beni. Chuo au hoteli haihitaji kujua mgeni alikuwa wapi miezi sita iliyopita. Siku chache zinatosha kutafuta hitilafu, kisha daftari lifutwe lenyewe, na asipewe mtu nakala yake kwa kupiga simu tu, hata awe na nyota begani.

Wenye kazi hii wapo

Si kila mtu anahitaji kidhibiti. Duka lenye kisahani kimoja likibadilisha neno la siri na kuchagua chaneli vizuri, limemaliza. Hoja hii ni ya wenye visahani vitano na zaidi: hospitali, vyuo, hoteli kubwa, parokia zenye shule, na sasa ofisi za jimbo.

Mafundi nao hawatoki mbali. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilichofunguliwa Beni mwaka 2007, kinafundisha sayansi za kompyuta kwa Kifaransa na Kiingereza, na Butembo ina vyuo vyake vinavyotoa vijana wa fani hiyo kila mwaka. Wengi wao huishia kuuza kadi za simu au kutengeneza vioo vilivyopasuka, huku taasisi za mtaa wa pili zikimwita mtu kutoka mbali, au zikimngoja mtu wa mradi. Uganda walikwenda njia nyingine: vyuo viliunda RENU, mtandao wao wenyewe, na mwanafunzi wa chuo kimoja huingia kwenye wifi ya chuo kingine kwa jina lake lile lile kupitia eduroam. Congo ina chombo cha namna hiyo, Eb@le, na Beni hadi Butembo ni kilomita hamsini na kitu. Vyuo viwili au vitatu vya miji hiyo vikikubaliana kuajiri mafundi wawili na kuweka kidhibiti kimoja kila mji, kila kimoja kikihifadhi nakala ya mwenzake, gharama itakuwa ndogo kuliko ile wanayotumia sasa kununua ruta mpya kila ya zamani "ikichoka". Ruta haichoki hivyo. Imezidiwa na jirani yake.

Serikali ya jimbo inaweza kuanza na nyumba yake. Kabla ya kununua sahani nyingine, ihesabu zilizopo: ngapi, ziko wapi, nani anajua maneno ya siri, zimesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Hesabu hiyo haihitaji mfadhili wala semina. Mafundi wawili na daftari, wiki moja. Na ifanyike kabla serikali hiyo haijafunga tena mizigo, kwa sababu siku itakaporudi Goma, atakayebaki katika ofisi zile za Beni atataka kujua wifi inafunguliwa kwa neno gani.